Makaburi yenye majina, na kaburi la kaka yangu Nasoro

Niliondoka Ibra, mji wetu huku Omani, kwenda kumlea binti yangu Asila, amejifungua Uingereza. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ya pili, nilichoka kumwona binamu yangu Humudi kila harusi amekaa mbele, anapakuliwa halua wa kwanza. Humudi ndiye aliyetutia na gari lake wadini, kwenye bonde la mto mkavu, siku ya mafuriko, mimi na kaka yangu Nasoro, na watu wa ng'ambo ya pili wanampungia mikono asivuke. Mimi nilinasa mtini. Nasoro alizikwa nikiwa hospitali, na kaburi lake silijui. Humudi anasema alimzika kwa mikono yake. Nikimuuliza wapi, hunijibu, "Muombee tu, dada Zuwena. Dua inafika popote."

Maskati, saa nane mchana, ndege iliruka. Jioni nikapokewa na mkwe wangu, pamoja na baridi.

Siku ya nne tulimsukuma mtoto kwenye kigari mpaka uwanja wa kanisa. Makaburi ya pale ni masanduku ya mawe yaliyochongwa mashada, mafuvu, na malaika wenye mashavu ya kushiba maandazi. Ukoo mmoja umejipanga safu nzima: baba, mke, mke wa pili, watoto, kila mtu na jina lake. Wallahi nilihusudu. Kwetu tajiri na mchunga mbuzi wote huwekewa jiwe la mlimani, halina hata herufi.

Bibi mmoja alikuwa akifagia majani. Nikamuuliza, Asila akafasiri: wote wamo humu?

"Hamna hata mmoja," akasema. "Babu yangu aliyahamisha mawe apanue njia. Wenyewe mmewakanyaga hapo njiani."

Asila akaruka na kigari chake.

"Na unamsema babu yako hivi hivi?" nikamuuliza.

"Si alifanya? Nikinyamaza, watu watapeleka maua pasipo na mtu."

Nikamtazama. Huyu hajahiji hata mara moja. Humudi amehiji mara mbili.

Baada ya arubaini nilirudi Ibra. Kesho yake alasiri nikampigia Humudi simu, nikamwambia leo atanionyesha kaburi la Nasoro, au Ijumaa nitamuuliza mbele ya watu. Akaja. Mimi nikabaki nje ya ukuta mfupi wa makaburini, kama desturi ya wanawake. Yeye akaingia na kanzu yake nyeupe, anatembea kama mwenye nyumba. Akasimama.

"Hili hapa, dada. Mawe niliyaweka mimi."

"Yahesabu."

"Ya nini?"

"Wewe yahesabu."

Kichwani moja, miguuni moja, katikati moja. Kwetu mwanamme huwekewa mawili. La katikati ni la mwanamke. Humudi aliliinamia lile la tatu.

"Hukuwepo mazikoni," nikamwambia.

"Nilikimbilia mji wa Sinaw. Niliogopa kuulizwa kwa nini nilivuka."

"Nani alizika?"

"Wazee wa msikitini. Wote wameshakufa."

Basi nilichojifunza safarini ni hiki. Pale alipolala Nasoro hapajulikani tena, na mimi nitabaki nje ya ukuta nikiombea makaburi yote. Humudi yeye anajulikana alipo: nyuma ya soko la Ibra, mlango wa kijani. Kwetu majina ya maiti hatuyaandiki. La mtu aliye hai sijakatazwa kuliandika.