Klachi ya Bahili

Shangazi yangu hukodisha viti na mahema, na huvipeleka mwenyewe kwa kigari kilichozaliwa kabla yangu. Mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba na honi hulia ikipenda, lakini ole wake atakayekiita mkweche. Wanawe walipomwomba akiuze apumzike, kwa sababu ya goti lake la kushoto, aliwajibu kwamba atapumzika kaburini, na huko nako ataanza kwa kukagua viti.

Aibu yake ilikuwa klachi. Kila iliyofungwa mpya haikukawia kuanza kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi, na wenye sherehe wamesimama wanasubiri. Kununua nyingine ilikuwa kazi ya mumewe, kwa hiyo lawama zote zilikuwa zake.

"Bahili huyu," shangazi alikuwa akiwaambia wageni, mumewe yupo hapo hapo anakunywa chai, "ananiletea klachi za bei ya karanga. Rahisi ghali."

Mzee alicheka tu na kuomba aongezewe sukari. Jina la Bahili likamganda, hata sisi watoto tukalitumia.

Safari hii klachi ilipokwisha, Bahili alikuwa ameshatutoka. Shangazi akavaa gauni la kwendea harusini, akanishika mkono, tukaenda gereji kwa fundi wao wa siku zote.

"Nataka iliyo imara kuliko zote," akasema. "Leo nanunua mimi."

Fundi akaweka maboksi mawili mezani. Kwa macho yangu, vilivyokuwa ndani vilikuwa mapacha.

"Hii ina springi ngumu, inastahimili mzigo. Hii ni laini. Ukijaza viti, inakwisha mapema."

"Sasa hapo pana swali gani, fundi? Nipe ngumu."

Fundi akajikuna kichwa. "Kwanza kakanyage ile, mama." Akatuonyesha kigari cha mtu mwingine, ndugu wa chetu, kilichokuwa uani. "Nimekifungia hiyo hiyo ngumu."

Shangazi akapanda, akakanyaga. Pedali ikafika nusu, goti likagoma. Akajaribu tena, ameukamata usukani kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma sana, maana bila mguu huo hakuna kuendesha.

"Basi wanangu wameshinda," akasema.

"Hawajashinda," fundi akasema. "Mzee kila akija nilimshauri achukue ngumu, akakataa. Alisema goti lako halitaiweza, na siku ukilijua hilo utaacha gari. Halafu bei ni ile ile. Nikamwambia, mzee, huko nyumbani unaitwa bahili. Akasema, acha niitwe."

Shangazi hakushuka upesi. Alifuta vumbi kwenye usukani wa watu kwa ncha ya mtandio wake.

"Miaka yote hiyo namsema mbele ya wageni, naye anakunywa chai."

"Na kuomba sukari," nikasema.

Akacheka, machozi yakimtoka. Nilimpenda mno saa ile, na yule mzee nikampenda upya.

"Nifungie ile laini, fundi. Viti nitapeleka kwa safari mbili."

Juzi tulikuwa tunapanda mlima, na mteja ameketi kati yetu, klachi ikaanza kuteleza. Mteja akamuuliza shangazi ni nani aliyemuuzia kitu kibovu namna ile.

"Si kibovu," shangazi akasema, huku akibadilisha gea taratibu. "Hii alinichagulia mume wangu."