Sanduku Jekundu la Ofisi ya Kata

Miaka ile sukari ilipokuwa ya mgao na sabuni ya mche inauzwa kwa vipande, Serikali iliipa kata yetu ya Bagara ruzuku ya kitu ambacho hatukuwa tumekiomba: mpango wa kupokea taarifa za siri kuhusu wahalifu. Walanguzi na wezi wa mifugo walikuwa wamezidi. Fedha ilikuja na maelekezo: tengenezeni sanduku, nunueni kufuli na karatasi, na mwananchi anayejua jambo aandike bila kutaja jina lake. Afisa wa wilaya angekuja kukagua, na kata ambayo sanduku lake lingekutwa tupu isingepewa tena. Mimi nilikuwa karani wa kata, na kati ya wote tuliosoma maelekezo yale, nathubutu kusema niliyaelewa peke yangu.

Mwenyekiti aliyaelewa kwa namna yake. Alikuwa mtu mwema, mpenda watu. Alilipaka sanduku rangi nyekundu iliyopatikana kwa shida, akalitundika barazani upande wa barabara, kisha akaweka kiti chake pembeni ili awapokee wananchi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Za nyumbani? Ng'ombe hawajambo? Yule ndama alipona? Haya, umetuletea siri gani leo?"

Mtu anasema hana siri, anapita tu kwenda sokoni, na anaongeza mwendo. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila kusalimiana naye mpaka habari za mifugo ziishe, na baada ya salamu kama hiyo nani atatumbukiza kitu? Nilimwomba Mwenyekiti aondoe kiti. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kama nataka wananchi wafike ofisini wakose hata mtu wa kuwasalimia.

Ningeliacha sanduku lile liliwe na mchwa kama dada yangu mkubwa asingeibiwa maksai wake. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na wale maksai wawili ndio walioilisha nyumba yake. Waliibwa masika yakiwa yanakaribia. Kama asingelima wakati ule, watoto wangeshinda njaa, maana madukani hakukuwa na unga hata kwa mwenye fedha. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza msako. Alifuata nyayo mpaka zikapotea, akanyoosha fimbo upande wa Hanang na kusema ni wafugaji wa kule. Vijana wakaanza kuchonga marungu. Dada akawa anakaa mlangoni akilitazama shamba lake, na mimi nikashikwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naisikia kifuani.

Nikamwendea Mwenyekiti. Nilimwambia kila nyumba igawiwe kipande cha karatasi, na siku ya mgao wa sukari kila anayefika duka la ushirika atumbukize karatasi yake iliyokunjwa, iwe imeandikwa au haijaandikwa. Wakitumbukiza wote, nani atamjua aliyesema?

"Nikate karatasi ya Serikali, nimpe mtu aje airudishe tupu?" Ile rimu alikuwa ameifungia kabatini, na siku zile karatasi ilikuwa adimu kuliko hiyo sukari.

"Imenunuliwa kwa ajili ya siri, Mwenyekiti. Na afisa yuko njiani. Utamwonyesha nini?"

Alinung'unika kidogo, kisha akatafuta ufunguo.

Siku ya mgao tulilipeleka sanduku dukani. Watu walipanga foleni, wakatumbukiza, wakachukua sukari. Mwenyekiti alisimama palepale akiwasalimia wote kwa zamu, na safari hii salamu zake hazikumdhuru mtu.

Tulilifungua ofisini, yeye na mimi. Nyingi zilikuwa tupu. Kadhaa zililalamikia mizani ya duka. Moja ilisema Mwenyekiti anaongea mno. Aliisoma, akaitia mfukoni. Kisha nikakunjua iliyosema kuwa maksai wa mjane wako ng'ambo ya ziwa letu, kwa rafiki wa shemeji yake, na kwamba shemeji mwenyewe ndiye aliyewapeleka. Iliyofuata ilisema hivyo hivyo. Na nyingine, na nyingine tena, mpaka Mwenyekiti akaacha kusoma akavua miwani.

Mgambo walikwenda wakawakuta maksai. Shemeji alijitetea kwamba mali ya kaka yake ni mali yake, na mahakama ya mwanzo ikamjibu ilivyostahili. Afisa alipokuja alilikuta sanduku limejaa, akatusifu sana, na ruzuku ikaendelea. Vijana walirudisha marungu yao nyumbani bila kumwomba mfugaji yeyote radhi.

Nilikwenda kwa dada nikiwa nimevimba kichwa, nikamsimulia yote.

"Walioandika ni wangapi?" aliniuliza.

"Wengi."

"Wengi," alirudia. "Walikuja kunipa pole. Walikaa hapa hapa, wakanywa uji wangu."

Akalia. Siku zote maksai walipopotea hakulia, alilia siku waliporudi.

Alilima, akamaliza kabla ya mvua kubwa. Majirani wasio na ng'ombe wakaanza kuja kuazima, kama ilivyo desturi yetu, na hakumnyima hata mmoja. Ila alisimama kwenye mlango wa zizi, kamba mkononi, akamuuliza kila aliyekuja: "Nani alichukua maksai wangu?" Mtu anakohoa, anatazama chini, anasema mambo yale si yameshakwisha, dada. Yeye anangoja tu. Kamba haitoki mpaka jina litajwe, mchana kweupe, mbele ya watoto.

Wa kwanza alikuwa jirani yake wa karibu, mzee wa kanisa. Alilitaja jina kwa sauti ndogo. Dada akamwambia hajasikia.