Siku Niliyoimba Stendi

Juzi nilipita Sumbawanga nikakuta ule ukumbi wa zamani wa parokia umebomolewa. Yamebaki matofali, na mlango umeegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Nilikuwa njiani kwenda Namanyere kumwona mama, lakini miguu haikutulia. Nikakizunguka kile kiwanja mara tatu, nikitafuta mahali lilipokuwa benchi letu, mimi na bibi.

Wewe uliyekulia kwingine, ngoja nikueleze. Jumamosi alasiri, tukishapepeta ulezi na kuuanika, bibi alijifunga kanga juu ya sweta, maana upepo wa Ufipa haumchagui mtu, tukaenda ukumbini. Sista mmoja mgeni alikuwa ameletewa kanda za video kutoka kwao: filamu za zamani za Kimarekani, zile ambazo watu wanazungumza vizuri tu, mara wanaanza kuimba na kucheza. Katekista alisimama kando ya televisheni akitafsiri. Maongezi aliyamudu. Wimbo ukianza, alinyamaza.

"Wanasema nini sasa?" bibi akauliza siku ya kwanza.

"Wanaimba tu, mama."

Bibi hakuridhika. Kwake, watu hucheza kukiwa na harusi, au mavuno yakiingia ghalani. Hawa walicheza hata kikombe kikivunjika. "Hivi hawana mahindi ya kupukuchua?" akaninong'oneza. Lakini Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Mimi nilipata ugonjwa. Katika filamu moja binti anapanda garimoshi, kijana wake anaanza kuimba, na wapagazi, wafagiaji, hadi polisi wa stesheni wanaitikia. Wote wanayajua maneno, wote wanazijua hatua. Binti akashuka. Tangu siku hiyo sikutulia. Sokoni niliwatazama wauza maharage nikisubiri nani ataanza. Shuleni mwalimu alinihamishia dawati la mbele kwa sababu miguu yangu haikuacha kugonga sakafu.

Kipindi hichohicho mama, aliyekuwa muuguzi, akahamishiwa zahanati moja upande wa Namanyere. Baba alikwisha fariki. Ikaamuliwa mama atangulie, mimi nibaki kwa bibi mpaka shule zifungwe. Hakuna aliyeniuliza. Nikatunga wimbo wangu polepole, huku napukuchua mahindi.

Asubuhi ya safari mimi na bibi tulimsindikiza mama stendi. Akiwa ameshakaa dirishani mwa basi na injini inanguruma, nikaanza. Mama shuka, mama shuka. Niliimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na hatua zake. Nikamgeukia kondakta, nikamgeukia muuza karanga, nikawaachia nafasi waitikie.

"Mtoto, sogea, gari inarudi nyuma," kondakta akasema.

Mwanamke mmoja aliyeuza mahindi ya kuchemsha alidhani naimba kwa njaa, akanipa hindi. Mama akajifunika uso kwa mtandio. Basi likaondoka.

Bibi alinishika mkono kwa nguvu, tukarudi nyumbani. Nilijua nitagombezwa. Tulipokaribia kwetu akasema taratibu, "Mjukuu wangu, wale wa kwenye televisheni walikubaliana kwanza. Wewe hukukubaliana na mtu." Akanipangusa punje ya hindi shavuni. "Ungeniambia mimi," akasema.

Shule zilipofungwa mama alikuja kunichukua, kama alivyoahidi. Safari hii mimi ndiye niliyekaa dirishani. Bibi alisimama chini, mikono ndani ya kanga, ananitazama, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayengoja zamu yake. Lakini nilikuwa nimeshaonja aibu, nimejifunza adabu ya stendi. Nikampungia mkono tu.

Sista alirudi kwao, katekista akahamia Muze, na zile kanda sijui zilikwenda wapi. Bibi tulimzika mwaka ambao sikuja kuvuna naye ulezi. Sikuwahi kumuuliza siku ile alikuwa anangoja nini, na nadhani sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Hadi leo, nikipanda basi, siwezi kukaa. Nashuka, nasimama chini kidogo bila sababu, napanda tena, mpaka dereva anapoanza kuondoa gari.