Wadomo-nene wa Roshani ya Huguette

Rolande Thibodeau alikuwa mwanamke wa kununa. Alinuna akiwa msichana wa kufungasha biskuti kiwandani, akanuna siku ya harusi yake kwa sababu padri alichelewa, na alipostaafu akapata nafasi ya kununa kutwa nzima. Pale Verdun, mtaa wa Montreal ulio kando ya mto, majirani walimsalimia kwa mbali. Hawakumchukia. Waliepusha shari tu.

Kilichomlainisha kilikuwa kimoja: ndege wa baridi. Sisemi njiwa na shomoro wa kila siku, maana hao nao aliwatukana. Nasema wale wasio na ratiba. Huko kaskazini, kwenye misitu isiyokwisha, kuna miaka mbegu za miti zinakosekana au panya wanaadimika, basi ndege wanashuka na njaa zao mpaka katikati ya mji. Baridi hii wanafurika, halafu miaka inapita huoni hata unyoya. Rolande alihesabu maisha yake kwa mafuriko hayo. Aliolewa na Réjean baridi ya bundi weupe, waliokaa juu ya nguzo za taa bandarini wakiwakodolea macho makuli. Akamzika baridi ya vile vijindege vya paji jekundu, vilivyojaa mpaka kwenye ua wa makaburi. Ukimuuliza mwaka, hakumbuki. Ukimtajia ndege, anakupa na hali ya hewa.

Lakini wa moyoni mwake walikuwa wadomo-nene. Wanono hao, wa manjano iliyoiva, na mdomo wa kupasulia kokwa. Alipokuwa mtoto walikuja karibu kila baridi, wakatua kwenye mti wa uani, ule wenye mbegu za mabawa, wakala huku wakigombana. Rolande na mdogo wake Huguette walibanana kwenye dirisha moja la jikoni kuwatazama, na mama yao akiwapigia kelele supu ya njegere inapoa.

Mama alipokufa aliwaachia nyumba hiyo hiyo: Rolande chini, Huguette juu, na ngazi ya chuma ya nje baina yao. Wakaishi kwa amani ya kuchokozana mpaka ile baridi mvua ilipoganda kwenye matawi na barafu ikavunja miti mji mzima. Mti wa uani ukapasuka shina. Rolande alikuwa hospitali akimuuguza Réjean. Aliporudi, alikuta kisiki.

"Umeua mti wa mama!"

"Ulikuwa umepasuka, Rolande. Ulitaka uniangukie kitandani?"

"Ndiyo!"

Tangu siku hiyo hawakusemezana, ila bomba la maji lilipopasuka. Wadomo-nene nao hawakurudi tena, na Rolande hakuhitaji kuambiwa sababu. Sababu ilikuwa inakaa juu yake, ikitembea na viatu vya mbao.

Normand Pouliot, mwenyekiti wa chama chao cha watazama ndege, alijaribu kumweleza. Mtu mpole, masikini, hakujua anachokitafuta.

"Ndege wale walikuwa wakiwalisha makinda yao viwavi wa misonobari," alisema. "Viwavi wamepungua, ndege wamepungua. Hata mitaa yenye miti ile kila ua, hawaonekani. Mti wenu hauhusiki."

"Huguette amekulisha nini?" Rolande akamuuliza, na kwa majira mawili hakukanyaga mkutanoni.

Mimi namwelewa. Chuki ya muda mrefu ni kama jiko la kuni, ukiizoea huwezi kukaa nyumba isiyo nayo. Lakini kumwelewa si kumpa haki.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Doa lilikaa katikati ya kila kitu: uso wa daktari, saa ya ukutani, sahani. Pembeni aliona, katikati hapana. Daktari akasema sindano zitachelewesha tu. Rolande hakulia. Aliomba jambo moja, na aliomba kwa hasira kama mtu anayedai haki yake: awaone wadomo-nene mara moja kabla doa halijajaa.

Kila vuli watazama ndege wa huko hungoja utabiri: miti gani imezaa kaskazini, nani atashuka na njaa. Vuli hiyo Normand alimpigia simu mwenyewe.

"Rolande, viwavi wamerudi na ndege wameongezeka, mbegu hazipo. Wanakuja. Wameshafika Laval, hapo kaskazini mwa mji."

Rolande akanunua alizeti, akatundika kisanduku cha mbegu kwenye mlingoti juu ya kile kisiki. Wakaja kindi. Akawafukuza kwa maneno ya kanisani, maana mtaa ule mtu akikasirika hutaja vyombo vya altare. Wakaja paka. Wadomo-nene hawakuja.

Walikwenda juu. Asubuhi moja alisikia mlio wao, ule wa ukali kama wa filimbi mbovu, ukitoka kwenye roshani ya Huguette. Akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akasimama barazani kwake, chini yao kabisa. Aliona mbao tu. Maganda ya alizeti yalipenya katikati ya mbao yakamwangukia kichwani.

Huguette akainama kwenye ukingo wa ngazi, taratibu.

"Rolande," aliita kwa sauti ya chini. "Panda. Wamejaa tele. Panda polepole."

Moyo ulimruka Rolande. Mguu ukaenda kwenye ngazi, lakini mdomo ukawahi.

"Wewe uliyewafukuza ndiye unayenikaribisha?"

"Usipige kelele, watakimbia."

"Miaka yote umeninyima, leo unanigawia kama sadaka?"

"Kalisi! Mwanamke wewe! Panda au nyamaza!"

Sepetu ya theluji ilikuwa imeegemea ukuta. Rolande aliishika akaigonga kwenye mbao za juu kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anampiga Huguette. Ndege hakuwafikiria kabisa.

Kundi lote liliruka kwa mkupuo. Rolande akatupa sepetu, akakimbilia uani, akainua uso. Katikati ya mbingu kulikuwa na doa lake. Pembeni ya doa kilipita kitu cha manjano, huenda ndege, huenda jua. Mlio ukaenda ukififia juu ya paa za kichochoro, kisha ukasikika ule ukimya wa theluji.

Alingoja matusi. Alikuwa na majibu tayari, ya miaka mingi, yaliyonolewa. Huguette alikuwa amesimama mbele ya kiti kilichofunikwa blanketi, karibu na mlango.

"Nimewalinda tangu kulipokucha," alisema. "Sijakohoa. Nimekungoja utoke." Akakunja lile blanketi. "Haya, Rolande. Leo niambie nimekata mti gani."

Rolande akafungua mdomo. Akatafuta. Hakupata kitu, akaogopa, kwa jinsi kulivyokuwa kutupu humo ndani.

Akashika chuma cha ngazi, kikamng'ata kiganja kwa baridi. Akapanda, ngazi moja moja, akipapasa kwa mguu.

"Hawarudi leo," Huguette alisema. "Wala sijui kama watarudi."

"Najua. Nisogezee kiti."

Akakaa. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

"Walikuwaje?"

Huguette akamtupia lile blanketi magotini. Bado alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Wanono," alisema. "Walafi. Mmoja mkubwa alikuwa anawadonoa wenzake, hataki mtu ale."

"Manjano?"

"Manjano sana. Na weupe kwenye bawa, mpana."

"Endelea," alisema Rolande.