Kopo la Ulimbo la Baba Mdogo

Ukikata tawi la mnyaa, harufu hukufikia kabla hujauona utomvu: harufu ya kijani kibichi, kali, inayokwaruza koo. Mpaka leo nikiisikia hapa Buseresere ninakoishi, hasira hunipanda hata kabla sijakumbuka chanzo chake. Chanzo ni Baba Mdogo Luhende, mdogo wake marehemu baba yangu, na msimu aliotaka kutuokoa na kweleakwelea kwa kutumia ulimbo.

Kwetu ni karibu na Isaka, mahali ambapo ngurumo za malori ya mizigo hazikomi. Mtama wa mama ulikuwa umeanza kutia maziwa, na hapo ndipo ndege hao huupenda zaidi. Kuamia ndege hakuna siri wala ufundi. Unawahi kuliko wao, unapanda dungu, unapiga debe na kupayuka mpaka sauti ikauke. Mama alishika pembe moja ya shamba, mimi ya pili, na Mama Shija, mke wa Baba Mdogo, ya tatu, mtoto wake mchanga mgongoni. Pembe ya nne ilikuwa ya Baba Mdogo mwenyewe. Ilikuwa wazi, kwa sababu mwenyewe alikuwa anafikiri.

Alichofikiri ni kwamba tukipaka ulimbo kwenye vijiti na kuvichomeka shambani, ndege watanasa na sisi tutapumzika. Basi akanishusha dunguni nikamshikie vifaa chini ya mkuyu wa bondeni. Alitoboa gome kwa spoku ya baiskeli, akachomeka bua la jani la papai liwe mrija, akafunga kopo la maziwa ya unga kwa kipande cha tyubu. Utomvu ukaganda mrijani. Akang'oa bua, akaweka mrija wa kalamu. Ukaganda humo pia. Akakunja bati likawa mfereji, siafu wakawahi kabla yetu. Kila tuliposhindwa aliutazama mkuyu kana kwamba umemkosea adabu, kisha akanituma nikatafute takataka nyingine. Ulimbo tuliopata baada ya mahangaiko yote hayo ulitosha vijiti vichache, na ukanasa mjusi. Kweleakwelea huja wingu zima, na sisi tulikuwa na mjusi!

"Shemeji, nirudishie mtoto wangu," mama alimwambia. "Ndege hawangoji."

"Kesho, shemeji. Kesho utalala mpaka jua likuchome."

Kesho yake akauona ua. Ua wetu, kama ilivyokuwa kwenye maboma mengi ya Usukumani, ulikuwa wa minyaa, na mnyaa haudondoshi utomvu kwa kubembelezwa. Ukiugusa tu, unamwaga. Baba Mdogo alinishikisha kopo akainua panga. Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa akipepeta nafaka uani, akaacha ungo.

"Luhende, hata mbuzi anauheshimu mnyaa."

"Mayu, mbuzi hana panga."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La Baba Mdogo lilibaki zima, ila utomvu ulimrukia macho yote mawili, akaanguka chini akipiga mayowe. Kwetu dawa ya utomvu wa mnyaa ni maziwa ya mama anayenyonyesha, na boma zima lilikuwa na mmoja tu. "Kabula, kimbia! Mwite Mama Shija!" Bibi akaniambia. Nilikimbia. Mama Shija alishuka dunguni, mama naye akashuka, maana mayowe yale yalikuwa ya mtu anayekufa. Sisi tukamshika mikono na miguu, mkewe akamkamulia maziwa machoni. Alikuwa bado anagugumia niliposikia mvumo wa mvua inayokaribia, na juu hapakuwa na mvua. Tulipofika shambani, mabua yalikuwa yamesimama, mashuke yamebaki makapi. Mama hakulia. Aliokota debe langu akalipiga mara moja, bila ndege wa kumfukuza, akaliweka chini.

Mwaka ule tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, na mama alijipakulia kidogo kuliko sisi. Nilimchukia Baba Mdogo, nasema wazi, na nilichukia zaidi kwamba alipewa sahani sawa na yetu.

Siku hizi ua ule umeng'olewa, pana ukuta wa matofali. Vijana ambao wangepanda dungu wako Bulyanhulu wakichimba dhahabu, na mtama tunanunua gulioni. Mama ninaishi naye. Baba Mdogo naye amehamia kwangu, mzee, jicho la kushoto limeingia ukungu. Juzi nilisonga ugali wa mtama. Akakata tonge, akalitazama kwa jicho lake zima.

"Kabula, unajua kosa letu lilikuwa wapi? Kopo. Mdomo wake ulikuwa mwembamba."

Kosa letu! Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu, na Mungu ananijua nilivyojizuia. Nikamtazama mama, nikitumaini kwamba baada ya miaka yote hii atasema lile ambalo hakulisema. Mama akamsogezea sahani ya ugali.

"Kula, shemeji," akasema, "ndege hawajafika."