Donge la Uzi na Tarakimu za Redio

Pale ghalani walimwita Sindano. Alikuwa ameshona midomo ya magunia miaka kumi na tisa, na mkono ulishajua njia bila kumuuliza, ndiyo maana aliweza kuota mchana kweupe. Vumbi la mahindi lilielea kwenye mwanga wa mlangoni, redio ikisoma tarakimu za mauzo ya nje, naye akaziona zinapanda na kushuka pamoja na vumbi, hazina haraka wala pa kutua.

Kaka yake mkubwa, mtu wa chama tawala, alipima kilo kwenye mizani. Mdogo wao, mpinzani wa kufa na kupona, alihesabu magunia getini.

"Mauzo ya nje yamepanda," kaka alisema. "Kilo hazidanganyi."

"Yameshuka. Magunia ni machache kuliko mwaka jana. Labda kaka unapima na kidole chako."

"Na wewe unahesabu huku unasinzia."

Tangu siku ile hawakukaa chumba kimoja. Hilo pekee lisingemkosesha Sindano usingizi, ila nyumba aliyoachiwa na mama yao ilingoja sahihi za hao wawili, kwa pamoja, mbele ya karani wa ardhi. Ijumaa saa tisa jalada lingefungwa, naye angeanza kutafuta pa kulala.

Kubembeleza ni kazi ya asiye na bidhaa. Sindano alijiuliza wanataka nini, akaona wote wanataka kitu kimoja: kushinda.

"Mimi najua nani mkweli," alimwambia kila mmoja kwa wakati wake. "Nitasema Ijumaa, kwa karani, mwenzako akiwepo."

"Utasema mbele yake, dada?" mdogo aliuliza.

"Mbele yake."

Ijumaa wote wawili walimtangulia karani kufika.

Feni ilizunguka polepole juu ya mafaili. Sindano nusura azame tena ndotoni. Aliyaona madirisha ya mama yake yakifunguka moja moja. Akajikurupusha.

"Sahihi kwanza," alisema. "Ushahidi wa bure haupo."

Wakatia sahihi, kila mmoja akikandamiza kalamu kama anamchoma mwenzake. Sindano alipuliza wino, akakunja hati, akaisunda kifuani. Ndipo akatoa donge la uzi mfukoni.

"Mwaka jana donge kama hili lilishona magunia arobaini. Mwaka huu, ishirini na tano. Wapakiaji wanashindilia gunia mpaka mdomo haufungi, naongezea wavu wa uzi juu. Kaka, magunia yamepungua kweli. Na wewe mdogo wangu, mzigo umeongezeka kweli."

Karani aliinama kuficha kicheko.

"Ulijua tangu lini?" kaka aliuliza.

"Tangu uzi ulipoanza kuniishia mapema."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nje wakaanza upya, safari hii kura za maoni.

"Sisi tuna asilimia hamsini na mbili," alisema kaka.

"Waliulizwa kina nani? Mimi sikuulizwa."

"Hata mimi," kaka alikiri, kama aliyejikwaa.

Sindano alishatangulia. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua la alasiri, sauti zao zikimfuata kama redio ya jirani, na kwa mbali bati la nyumba yake lilimeremeta. Akatembea akiota, kidole kikipima donge mfukoni. Kesho angemwambia mwenye ghala amlipe kwa kila donge la uzi analomaliza, si kwa kila gunia.