Waya wa Kumzikia Kaka

Kwetu Makanyagio tuna nyumba mbili kwenye ua mmoja: ya mbele tunayokaa sisi, na ya uani anakolala baba tangu avunjike nyonga. Ukimsogeza kidogo tu, anapiga ukelele. Kaka yangu alipofia Afrika Kusini, mkewe akasema atazikwa hukohuko, na mazishi yatarushwa mtandaoni. Baba akaniambia mimi bintiye, "Mwanangu, nimwone akishushwa. Sitaki kingine."

Intaneti yetu iko sebuleni, nyumba ya mbele. Wi-Fi haivuki yale matofali ya kuchoma, na bando la simu chumbani kwa baba linaganda kila saa. Basi mimi, fundi wa ukoo kwa sababu tu niliwahi kufanya kazi stationery ya Majengo, nikavuta waya kutoka router ya sebuleni, nikaupitisha juu ya ua hadi router ya pili chumbani kwake, na kutoka hapo waya mfupi mpaka kwenye televisheni. Ikagoma. Nikahangaika weee, kumbe router zote mbili zinagawa anwani za mtandao, kila moja inajiona mkuu wa nyumba. Nikaizuia ya pili isigawe, picha ikaja. Nikashangilia, msibani!

Asubuhi ya mazishi, ibada imeshaanza, baba kakodolea jeneza macho, picha ikakatika. Nikatoka mbio. Jamani! Shangazi na akina mama wa msiba walikuwa wamefua, na kwetu waya ukipita uani ni kamba ya nguo, nani aulize? Vitenge, mashuka, na katikati blanketi zima la baba linachuruzika maji. Waya ulikuwa umenyofoka kwenye kile kichwa cha plastiki kinachochomekwa kwenye router.

"Hivi nyie mna macho kweli?" nikafoka.

Shangazi akabaki na beseni mkononi. "Mwanangu, tungejuaje?"

Kweli, wangejuaje. Nikaukata waya, nikachambua vile vinyuzi vya ndani, nikavipanga kwa rangi, nikabana kichwa kipya. Taa ya router haikuwaka. Nimekosea rangi! Nikakata tena. Machozi yananiziba macho, na baba ndani anaita, "Bado, mama? Bado?" Nilitamani ardhi inimeze.

Taa ilipowaka nikakimbilia chumbani. Kwenye televisheni watu walikuwa wanakung'uta viatu, wanaondoka. Kaburi limeshafunikwa, maua juu.

Baba hakunigombeza, bora angenigombeza. Alitazama mpaka pale makaburini pakabaki patupu, kisha akasema, "Nichotee udongo."

Nikatoka, nikachota uani, nikamletea. Akajaribu kuinua mkono, ukamshinda.

"Nitupie."

Nikautupa sakafuni, chini ya televisheni.

"Huo ni wako," akasema. "Sasa tupa wa kwangu."